Jua unachokiuza kabla hujafungua duka la mtandaoni

Jioni moja mwaka huu, nilipokuwa karibu kufunga kliniki yangu hapa Woodley, aliingia kijana ninayemfahamu tangu akiwa shule ya msingi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amebeba katoni ya krimu za uso begani na simu mkononi.

"Daktari," alisema baada ya kunisalimia, "nimeanza biashara. Nimejengewa tovuti na wiki ijayo nafungua. Nimebakiwa na jambo moja tu. Niandikie sentensi mbili za kuwahakikishia wateja kwamba krimu hizi ni salama, kisha niweke jina lako hapo chini."

Alinionyesha tovuti yenyewe. Niseme kweli, ilipendeza. Rangi zilichaguliwa kwa makini, bei ziliandikwa waziwazi, nambari ya kulipia kwa M-Pesa ilikuwa tayari, na kulikuwa na ahadi kwamba bodaboda angemfikishia mteja mzigo wake popote jijini siku iyo hiyo. Palikuwa pia na picha za wanawake wenye nyuso laini. Nilipomuuliza ni akina nani, alicheka kidogo na kukiri kwamba hawajui. Picha alizichukua kwenye mtandao.

Nikamuuliza maswali matatu. Nani aliyezitengeneza krimu hizi? Ndani yake mna nini? Na nani hapa Kenya aliyezikagua na kuziruhusu ziuzwe?

La kwanza alilijibu hivi: "Zinatoka ng'ambo." La pili: "Ni za asili, Daktari. Ni mimea tu." La tatu: "Lakini kila mtu anaziuza."

Msomaji, kijana huyu si mwizi wala si tapeli. Amemaliza chuo, ametafuta kazi hadi soli za viatu zimelika, na fedha alizonunulia bidhaa hizo ni mkopo ambao mamake alimchukulia kwenye chama. Kosa lake ni moja, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alijenga duka kwanza, kisha ndipo akaja kuuliza anauza nini.

Maoni yangu ni haya, na sitayazungusha. Mtu anayeuza kitu kinachopakwa, kumezwa au kunywewa na binadamu mwenzake hana ruhusa ya kusema kwamba hajui kilichomo. Ikiwa hana muda wa kuchunguza, basi hana muda wa kuuza. Tumezoea kumwonya mnunuzi asiuziwe mbuzi kwa gunia. Ni wakati sasa tumwonye pia muuzaji ambaye mwenyewe hajafungua gunia lake.

KISA CHA HAPA NYUMBANI

Pengine utasema kwamba ninawatisha watu bure, na kwamba krimu ni krimu tu. Basi nikukumbushe yaliyotokea katika jiji hili hili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Nairobi waliwachunguza watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa mmoja wa figo. Mgonjwa wa aina hii huvimba miguu, uso humjaa maji hasa asubuhi, na mkojo wake hutoa povu jingi kwa sababu una protini. Figo ni mfano wa chujio. Chujio likiharibika, protini ambayo ilipaswa kubaki kwenye damu hupenya na kwenda na mkojo, nayo maji ya mwili hukosa kizuizi na kutuama kwenye nyama.

Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka wa 1972 katika jarida la kitabibu la British Medical Journal. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipoziacha, figo zao zilipata nafuu.

Hebu tafakari jambo hilo kwa makini. Krimu zile ziliuzwa kwenye mikebe mizuri yenye majina mazuri. Waliozipanga kwenye rafu hawakuwa wauaji. Walikuwa wafanyabiashara kama wewe. Isitoshe, krimu zenyewe zilifanya kazi iliyotangazwa: uso uling'aa. Kilichokuwa kikiharibika hakikuweza kuonekana kwenye kioo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka wa 2001, watafiti kutoka Japani walichapisha uchunguzi kuhusu wakazi wa eneo la Ziwa Victoria hapa Kenya. Walipima nywele za watu na kukuta baadhi yao wana zebaki nyingi kupita kiasi. Ungedhani imetoka kwa samaki wa ziwani, kumbe ilitoka kwenye sabuni za kung'arisha ngozi zilizotengenezwa Ulaya. Na Ulaya yenyewe ilikuwa imekwisha kukataza zebaki kwenye sabuni na krimu za ngozi za watu wake.

Leo ulimwengu una Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka wa 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambako watu walisumishwa na zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Kwa mujibu wa mkataba huo, kuanzia mwaka wa 2020 vipodozi vilivyozidi sehemu moja ya zebaki katika sehemu milioni moja vilipigwa marufuku, na mwaka wa 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuviondoa kabisa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka wa 2025. Sasa linganisha. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba krimu za aina hii huweza kuwa na kati ya asilimia 1 na 10 ya mchanganyiko wa zebaki na amonia. Asilimia 1 ni sehemu 10,000 katika milioni.

Marufuku ni jambo jema, lakini marufuku haiwezi kusoma lebo kwa niaba yako. Bidhaa iliyokatazwa haina miguu. Huletwa na mtu, ikahifadhiwa na mtu, na siku hizi ikapigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti na mtu.

HARUFU NZURI HAITOSHI

Kuna kisa kingine ambacho kila anayetaka kuuza asichokijua anapaswa kukifahamu. Kilitokea Marekani mwaka wa 1937.

Wakati huo kulikuwa na dawa mpya ya kuua viini, salfanilamidi, iliyokuwa ikisaidia wengi. Ilikuwa ya vidonge na unga. Wachuuzi wa kampuni ya S. E. Massengill ya jimbo la Tennessee walileta habari kwamba wateja wanataka ya maji, hasa kwa ajili ya watoto. Mkemia wa kampuni akatafuta kimiminiko kinachoweza kuiyeyusha, akakipata: daithilini glaikoli. Dawa ilipimwa rangi, harufu na ladha. Yote yalikuwa mazuri, na mizigo ikasafirishwa kote nchini. Jambo moja halikupimwa, nalo ni kama kimiminiko chenyewe kinamdhuru binadamu. Ni sumu inayoua figo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo watoto.

Kwa sheria ya wakati ule, hakuna aliyelazimika kuipima dawa kabla ya kuiuza. Serikali ilipata kosa moja tu la kuwashtakia: dawa iliandikwa jina ambalo lilipaswa kutumiwa kwa dawa yenye pombe, na hiyo haikuwa na pombe. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilitunga sheria mpya iliyomtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba dawa ni salama kabla haijafika sokoni.

Nataka ushike mambo mawili katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba rangi, harufu na ladha ndivyo vitu ambavyo tovuti nzuri huvipamba. Picha zikiwa safi na maneno yakiwa matamu, muuzaji huona kazi imekamilika, ilhali swali la pekee lenye uzito halijaulizwa. La pili ni kwamba maafisa waliweza kuyaokoa maisha ya wengi kwa sababu orodha za mauzo zilikuwapo. Walifuata mzigo kwa mzigo, duka kwa duka, na kati ya galoni 240 zilizotengenezwa wakapata zaidi ya 234. Vifo vyote vile vilitokana na kiasi kidogo kilichobaki.

Na usidhani hayo ni mambo ya zamani. Mwaka wa 2022 makumi ya watoto walifariki nchini Gambia baada ya kupewa dawa za maji za kikohozi na homa, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba uchunguzi umekuta daithilini glaikoli ndani ya dawa hizo. Sumu ni ile ile, miaka 85 baadaye.

"NI YA ASILI" SI KINGA

Neno ninalolisikia zaidi kutoka kwa wauzaji wa mtandaoni ni kwamba bidhaa ni ya asili, kwa hiyo haina madhara. Zebaki nayo ni ya asili, huchimbwa ardhini. Sumu ya nyoka ni ya asili. Asili hutuambia kitu kimetoka wapi. Haituambii kitafanya nini mwilini.

Kibaya zaidi ni kwamba bidhaa nyingi zinazoitwa za asili si za asili. Majani ya chai ya kupunguza unene yamekutwa mara kwa mara, katika nchi mbalimbali, yakiwa na sibutramini. Hiyo ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito hadi mwaka wa 2010, ilipoondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Vidonge vya mitishamba vya kuongeza nguvu za kiume vimekutwa na sildenafili. Mwanamume anayetumia dawa fulani za moyo, zile za nitrati, akimeza sildenafili bila kujua, shinikizo lake la damu laweza kuporomoka ghafla hata akapoteza maisha. Navyo vidonge vya kunenepesha mwili, vinavyopendwa na baadhi ya dada zetu, vimekutwa na deksamethasoni, ambayo mtu akiizoea kisha akaiacha ghafla huweza kuanguka na kuhitaji kulazwa hospitalini.

Sasa, mteja wako wa mtandaoni hukumuuliza kama ana ugonjwa wa moyo. Hukumuuliza kama ni mjamzito. Hukumwona. Duka la dawa la hapa mtaani lina mtu nyuma ya kaunta anayeweza kukuuliza swali na kukukatalia. Tovuti haikatai mtu. Inachukua oda saa nane za usiku kutoka kwa mtu yeyote mwenye simu, na ndiyo sababu uchunguzi ambao wa dukani angeufanya ana kwa ana, wewe huna budi kuufanya mapema.

NAMI NILIWAHI KUKOSEA

Nisije nikaonekana kama mtu anayehubiri kutoka mlimani, nitakiri jambo ambalo silikumbuki kwa furaha. Miaka kadhaa iliyopita alinijia wakala mmoja mwenye suti na maneno laini. Aliniachia mikebe ya unga wa virutubishi niiweke kwenye kaunta ya kliniki, tugawane faida. Nilisoma karatasi ya matangazo, nikaona maneno ya kitaalamu, nikaridhika. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na kodi ya kulipa.

Mgonjwa wangu mmoja, mama wa makamo mwenye kisukari, alinunua mikebe miwili. Karatasi ile ilidai kwamba unga huo huituliza sukari. Kwa kuwa aliuona kwa daktari wake, alidhani mimi nimeuthibitisha, naye akaacha vidonge vyake bila kuniambia. Aliletwa baada ya wiki chache akiwa hajitambui, sukari ikiwa imepanda kupita kiasi. Tulimkimbiza hospitalini na kwa bahati alipona. Alipoweza kuzungumza, hakunilaumu. Alisema tu, "Daktari, si uliuweka wewe mwenyewe pale mezani?"

Maneno hayo hayajanitoka. Yalinifundisha kwamba anayeweka bidhaa mbele ya watu amekwisha kuitolea ushahidi, hata kama hakufungua mdomo. Meza yangu ilikuwa tovuti yangu.

UCHUNGUZI WENYEWE

Kuchunguza si kazi ya maprofesa pekee. Kwa sehemu kubwa unahitaji simu, muda wa siku chache na ujasiri wa kuuliza. Fanya hivi kabla hujamlipa fundi wa tovuti hata shilingi.

Kwanza, pata jina kamili la mtengenezaji, nchi, anwani, nambari ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika, na orodha nzima ya viungo. Aliyekuuzia kwa jumla akishindwa kukupa hayo, au akikuambia kwamba ni siri ya kampuni, mrudishie mali yake. Siri ya namna ya kuchanganya anaweza kuwa nayo. Siri ya kinachoingia mwilini mwa mtu, la hasha.

Pili, soma lebo na karatasi ya ndani kwa utulivu. Kwenye krimu na sabuni tafuta neno "mercury", herufi "Hg", au majina kama "calomel" na "cinnabar". Yote hayo ni zebaki. Angalia pia onyo la kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Wachimba dhahabu wa Migori hawahitaji kuelezwa maana yake, kwani wao hutumia zebaki kunasia dhahabu. Bidhaa isiyo na lebo kabisa, au yenye lebo ya lugha ambayo wewe na mteja wako hamuielewi, isikupotezee muda.

Tatu, jua bidhaa yako iko chini ya nani. Ikisema inatibu, inaponya au inazuia ugonjwa, basi umeingia katika mambo ya dawa, na mlango wa kubisha ni wa Bodi ya Dawa na Sumu. Vipodozi na vyakula huhitaji alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS. Alama iliyochapishwa kwenye karatoni si ushahidi wa kutosha kwani hata alama huigwa. Hakikisha nambari ya kibali iliyo chini yake. KEBS imekuwa na huduma ya ujumbe mfupi ya kuhakikisha nambari hizo, na afisi zao ziko Barabara ya Popo, South C. Kutoka Woodley ni mwendo wa matatu mbili.

Nne, tafuta jina la bidhaa na la mtengenezaji katika matangazo ya tahadhari ya Shirika la Afya Duniani, ya mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, na ya Umoja wa Ulaya. Orodha hizo ziko mtandaoni na hazilipiwi. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kutumia bando la wiki nzima akitafuta picha za kupamba duka, asitumie la saa moja kutafuta kama bidhaa yake imewahi kuua mtu.

Tano, mwulize mfamasia. Mwonyeshe orodha ya viungo na umwulize: nani hapaswi kutumia kitu hiki? Jibu lake uliandike kwenye tovuti yako mahali pa kuonekana, si chini kabisa kwa herufi za kuumiza macho. Kama bado una shaka, usiagize mzigo mkubwa kabla sampuli haijapimwa kwenye maabara. Utalipa, ndiyo, lakini utalipa mara moja.

Sita, weka kumbukumbu ya kila unachouza: nani alinunua, lini, na toleo lipi. Ukipata habari mbaya, uweze kuwapigia wote siku hiyo hiyo. Kumbuka zile galoni 240. Kumbukumbu hizo ni za siri ya mteja, usizigawe ovyo. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka wa 2019. Mteja akilalamika kuwa amedhurika, usimfute wala usimfungie nje ya ukurasa wako. Mwelekeze hospitalini na uiarifu Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea taarifa za madhara kutoka kwa wananchi.

Kuna jambo moja ambalo si uchunguzi, nalo ndilo wengi hulitegemea: kujaribu mwenyewe. "Mimi natumia na sijaona shida," huniambia. Figo huweza kuumia muda mrefu bila kuuma. Na mwili wako wa miaka 23 si mwili wa mteja wako wa miaka 60 mwenye shinikizo la damu. Shuhuda za wateja nazo ni hivyo hivyo. Aliyefurahi huandika, aliyelazwa haandiki.

"MBONA UNATUZIBIA RIZIKI?"

Najua lawama nitakazopata. Vijana wataniuliza kama daktari anayelipwa ana haki gani ya kuwafungia wasio na kazi mlango wa riziki. Swali hilo si la kupuuzwa. Ukitembea kutoka hapa Woodley hadi soko la Toi utaona jinsi watu wanavyojitahidi kwa jasho lao, na mtandao umempa kijana asiye na kodi ya kibanda nafasi ya kuuza. Mimi naunga mkono jambo hilo kwa dhati.

Lakini hebu mtazame muuza viatu wa mitumba pale Toi. Kabla hajanunua bei ya jumla, hukipindua kiatu, akakikunja soli, akaingiza mkono ndani kutafuta palipopasuka. Hufanya hivyo kwa kiatu, kitu ambacho kikiharibika mteja hulowa mguu tu. Je, krimu na kidonge havistahili walau uangalifu huo?

Wengine husema, "Mimi ni mchuuzi tu, aulizwe aliyetengeneza." Aliyetengeneza huna hata nambari yake ya simu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya yake, na fidia akidhurika kwa kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 inagusa hata mauziano ya mtandaoni. Mteja akidhurika, jina analolijua ni lako na nambari aliyoilipa ni yako.

Nao wale wanaosema kwamba wasipouza wao atauza mwingine, ningewaomba wamtembelee mtu anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kisha warudie maneno hayo mbele yake.

Siwaachi nje wanaojenga tovuti. Fundi, unapopewa kazi ya duka la dawa, vipodozi au virutubishi, mwulize mwenye kazi nambari za vibali kabla hujamchagulia rangi. Na sisi madaktari tusiyauze majina yetu. Sentensi mbili alizoniomba yule kijana zingemfanya mtu asome jina langu na kuacha kusoma lebo.

Nilimkatalia. Badala yake tuliketi, tukafungua mkebe mmoja na kuisoma ile karatasi ya ndani kwa miwani yangu, maana herufi zilikuwa ndogo kama mchanga. Orodha ya viungo haikuwapo. Lakini lilikuwapo onyo: krimu isiguse pete za dhahabu wala fedha. Nilimweleza maana yake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ile ambayo dada yangu amekuwa akipaka?"

Siku iliyofuata alimleta dadake. Tulimpima mkojo, nao haukuwa na protini. Alikuwa ametumia kwa wiki tatu tu. Nilimwambia aache mara moja, afue taulo na foronya zake peke yake, mtoto wake asiguse mkebe, na arudi tena kupimwa. Kijana alijaribu kumpigia aliyemuuzia kwa jumla. Nambari haikupatikana. Kabla hajaondoka nilimwonya asizimwage krimu chooni wala asizichome, kwa maana mvuke wa zebaki nao ni sumu. Azifunge vizuri na azipeleke kwa wahusika.

Fedha za chama zilipotea. Mamake bado anazilipa, naye kijana humsaidia kwa kuuza mafuta ya kawaida ya kupaka na sabuni zenye vibali alivyovihakikisha mwenyewe, moja baada ya nyingine. Faida ni ndogo. Juzi nilimwuliza kama anajuta. Akanijibu kwamba anajuta kitu kimoja: hakuja na mkebe mmoja kabla hajanunua katoni.

Nawe, msomaji, kama una wazo la kufungua duka kama hilo, lianze kwa mkebe mmoja mezani na maswali matatu. Nani ameitengeneza? Mna nini ndani? Nani ameikagua? Ukiyapata majibu, jenga tovuti yako, na mimi nitakuwa miongoni mwa watakaokuombea wateja. Usipoyapata, umeokoa fedha zako, na pengine umeokoa figo za mtu ambaye hutamwona kamwe.